Deni lililo nyuma ya kinyago cha Wasenufo

Kinyago ambacho Wasenufo hukiita kpeliye'e ni kidogo kuliko wengi wanavyodhani: uso mwembamba wa kike, pua ndefu, macho yaliyofumbwa nusu, chale mashavuni, na pembeni vipande vya mbao vinavyochomoza kama mapambo. Anayekivaa na kukicheza ni mwanamume. Majumba ya makumbusho ya Ulaya na Marekani yanavyo vingi, na tangu onyesho kubwa la sanaa ya Wasenufo lililofanyika New York mwaka 1963, watazamaji wamezoea kuvipima kwa ustadi wa patasi na mng'ao wa mbao. Uzuri huo haukanushiki. Lakini anayeishia hapo ameona sehemu ndogo kabisa ya kazi. Kinyago hiki ni chombo cha taasisi ya wanaume inayoitwa Poro, ambamo vijana hufundwa katika msitu mtakatifu, na anayedai kukihifadhi bila kuijali Poro amehifadhi mbao tu.

Wasenufo ni wakulima wa kaskazini mwa Kodivaa, kusini mwa Mali na kusini magharibi mwa Burkina Faso, na mji wa Korhogo ndio unaojulikana zaidi miongoni mwa miji yao. Msomaji wa Afrika Mashariki akisikia habari za wari wa Poro na msitu wao wa siri atakumbuka jando mara moja, na kweli kuna undugu wa mambo. Tofauti iko katika muda na uzito. Jando humvusha mtoto kwenda utu uzima kwa majuma au miezi. Poro, kwa utaratibu wa zamani wa vijiji vingi, ina hatua tatu, kila moja ikichukua takriban miaka 7, hivi kwamba mwanamume huimaliza akiwa amepita ujana. Katika miaka hiyo wari wa rika moja hulimia wazee, hujifunza lugha ya siri, ngoma na historia ya kijiji, na hutii waliowatangulia. Msitu mtakatifu huhesabiwa kuwa boma la Mama wa Kale, mungu wa kike wa Poro, na wari wote ni wanawe. Kila anayeingia anakuta deni kwa waliomlea, naye hulilipa kwa jasho.

Malipo makubwa ya deni hilo hufanyika msibani. Mzee wa Poro akifa, vikundi kutoka misitu mbalimbali hukusanyika kwa ngoma na vinyago ili aagwe kwa heshima na roho yake ipelekwe kwa wahenga, isibaki ikiwasumbua walio hai. Hapo ndipo hutokea kponyungo, kichwa kikubwa cha mnyama asiyekuwepo porini: taya za mamba au fisi, meno ya ngiri, pembe za swala, na juu yake mara nyingi kinyonga na ndege hondohondo. Mtafiti Anita Glaze, aliyeishi miongoni mwa Wasenufo na kuchapisha kitabu chake kuhusu sanaa na kifo mwaka 1981, ameeleza jinsi mvaaji wa kinyago hicho anavyosimama juu ya maiti huku ngoma ikilia. Tendo hilo halifanywi na mtu yeyote aliyeazima vazi. Haki ya kulifanya hupatikana kwa miaka ya utumishi, na aliyeikwepa Poro hujinyima pia mazishi ya namna hiyo. Ndiyo maana naona si sahihi kuuita utaratibu huu tamasha.

Wapo watakaosema kwamba bila wakusanyaji wa kigeni vinyago hivi vingeangamia. Wana ushahidi. Mwishoni mwa miaka ya 1940 na mwanzoni mwa miaka ya 1950, vuguvugu la Massa, lililoanzia katika eneo ambalo leo ni Mali, liliwataka watu waachane na sanamu zao. Nyingi zilitupwa au kuachwa, zikaokotwa na wamisionari na wafanyabiashara, zikafika Ulaya. Lakini tuutazame ushahidi huohuo hadi mwisho. Glaze alipofanya utafiti wake miaka ya 1960 na 1970, alikuta Poro ikiendelea, mazishi yakifanyika na vinyago vikichezwa. Mbao ziliondoka, taasisi ikabaki, na taasisi ikaagiza mbao nyingine. Mfano wa kinyume hakuna: hakuna kabati la kioo lililowahi kuzaa Poro.

Biashara nayo hutajwa. Wachongaji wa kundi la Kulebele, wenye mtaa wao wa Koko mjini Korhogo, wamewauzia wageni vinyago kwa miongo mingi, na wengine husema kwa hiyo utakatifu umekwisha. Hoja hii inaniunga mkono bila kukusudia. Mkono ule ule unaweza kuchonga kinyago cha mtalii asubuhi na cha msitu jioni, na wanakijiji wasichanganyikiwe, kwa sababu kinachovitenganisha ni kile kitakachotendewa kila kimoja baada ya kutoka karakana.

Pingamizi zito zaidi linahusu Poro yenyewe: inawapa wazee mamlaka makubwa, inatoza vijana kazi, na imejengwa juu ya siri ya wanaume. Sitaki kulifunika. Kijana wa leo anayetaka shule na ajira mjini ana sababu ya kuhoji miaka hiyo yote, na Poro inayoishi ni ile inayokubali kufupisha na kurekebisha. Kuhusu wanawake, picha si nyepesi kama inavyochorwa. Ukoo kwa desturi hufuata upande wa mama, na Sandogo, chama cha wanawake waaguzi, ndicho kinacholinda usafi wa ukoo huo na kuwasiliana na mizimu. Usawa wa sasa hauko hapo, ila mwanamke asiye na mamlaka yoyote hayuko pia.

Mjadala wa kurudisha mali za Afrika, uliochochewa na ripoti ya Felwine Sarr na Bénédicte Savoy mwaka 2018, umezungumza sana na serikali na makumbusho. Kwa vinyago vya Wasenufo, nadhani wa kuulizwa kwanza ni wazee wa msitu husika, pale unapojulikana. Wakitaka kinyago kirudi katika mazishi, kitumike na hatimaye kiliwe na mchwa, haki hiyo ni yao; wakiona kilichopigwa picha na kila mtu hakifai tena kwa kazi, wakaamuru kipya kichongwe, hiyo nayo ni haki yao.