Je, Wajua? Shaba ya Katanga na Betri ya Mashua

Shinkolobwe, mgodi ulio karibu na Likasi katika eneo la Katanga nchini Kongo, unajulikana kwa urani iliyotumika kuunda bomu la Hiroshima mwaka 1945. Mwamba wake una kobalti pia, madini ya betri za simu. Wachimbaji wadogo waliifuata chini bila kinga. Serikali iliufunga mgodi Januari 2004, lakini uchimbaji haukukoma, na Julai shimo likaporomoka na kuua watu. Uchungu huo haufai kusahauliwa.

Betri ya risasi ya mashua haina kobalti, lakini kuichaji kunahitaji shaba, utajiri mwingine wa Katanga. Ndani ya mashine ya boti, sumaku za gurudumu la juu huzunguka koili za waya wa shaba na kuzalisha umeme. Mashine ya nguvu-farasi 8 hutoa kama ampea 6, tena ikienda kasi. Ikiunguruma polepole, hutoa kidogo sana. Nahodha anayeiwasha nusu saa tu, atoke bandarini kisha atweke tanga, hupata ampea-saa zisizozidi 3. Taa ya mlingoti ya wati 10 huzimaliza kabla ya saa nne kuisha! Na usichomoe betri mashine ikiwa inawaka: rektifaya, kifaa kinachounyoosha umeme wa koili, huweza kuungua papo hapo.