Somo la Leo: Chaguo Lako Hufikaje?

Leo tujifunze habari za orodha ya kuchagulia katika fomu za intaneti.

Tuseme wewe unakaa Tanga, nawe unaomba kazi kwa simu. Penye neno Mkoa pana kisanduku. Ukikibonyeza, orodha inafunguka: Arusha, Dodoma, Tanga. Unachagua Tanga. Je, chaguo lako limekwisha kufika? La, bado limo katika simu yako. Ubonyezapo Tuma, ndipo simu hupeleka jina la kisanduku pamoja na alama ya chaguo lako, hivi: mkoa=3. Alama hiyo 3 imewekwa na mtengenezaji wa fomu, wewe huioni. Kompyuta inayopokea, iitwayo seva, inajua kwamba 3 ni Tanga.

Sasa angalieni sana. Katika orodha nyingine, jina la kwanza huwa limekwisha kuchaguliwa. Usipoigusa, seva itapokea mkoa=1, na ombi lako litawekwa pamoja na ya watu wa Arusha. Seva haijui kwamba umesahau.

Basi, kabla ya kutuma, soma tena kila kisanduku.

Swali: Ukichagua Dodoma, simu itapeleka nini? Andikeni jibu katika madaftari yenu. Kwaherini.