Gesi ya AC isiachwe ipotee hewani

Mfanyabiashara wa spea hununua gari kuukuu, fundi analegeza nati ya bomba la AC, gesi inatoka kwa mluzi. Kompresa inauzwa, lakini gesi imekwenda bure, nayo ina bei.

Magari mengi yaliyoundwa kabla ya katikati ya miaka ya 1990 yalitoka kiwandani na R-12, inayoharibu tabaka la ozoni. Yaliyofuata yakaja na R-134a. Hii haigusi ozoni, ila kwa hesabu za Mkataba wa Montreal kilo moja hupasha dunia joto sawa na kilo 1,430 za kaboni dioksidi. Gari dogo hubeba kama nusu kilo.

Fundi mwenye mashine ya kufyonza huunganisha mipira kwenye AC, huvuta gesi na kuisukuma kwenye mtungi maalumu. Mtungi usizidi asilimia 80. Ukijaa pomoni na kupata jua, unaweza kupasuka. Ile mitungi ya kutupwa iliyoleta gesi mpya isijazwe tena. Wala R-12 na R-134a zisichanganywe: hakuna gereji ya mtaani itakayozitenganisha, na mteja aliyeuziwa mchanganyiko harudi.

Mpakani kuna jambo jingine. R-12 inahitaji leseni kuvushwa, na tangu Marekebisho ya Kigali ya mwaka 2016 nchi zilizoyaridhia zimeiongeza R-134a, iwe mpya au iliyokwisha kutumika. Kama huna leseni, uza gesi kwa fundi wa upande uliponunua gari, uvuke na kompresa.