Kiolesura Kinapobadilika

Katika taaluma ya kompyuta, kiolesura ni ile sehemu ya programu ambayo mtumiaji huiona na kuitumia kutoa amri. Tangu mwaka 1995 watumiaji wa mfumo endeshi wa Windows walizoea kitufe cha "Anza", chini kushoto mwa skrini. Toleo la Windows 8 la mwaka 2012 lilikiondoa. Malalamiko yakawa mengi, kwani wazoefu walilazimika kujifunza upya, na miongozo iliyosema "bonyeza Anza" haikuwafaa tena. Mwaka 2013 kitufe kikarudishwa. Mwaka 2021 Windows 11 ikakiweka katikati: maelezo ya "chini kushoto" yakapotosha, lakini jina "Anza" likadumu. Basi mtafsiri wa miongozo ataje kwanza kazi ya kitu, ndipo aeleze mahali kilipo.