Mita 60 za Ufukwe wa Kyela

Anayetaka kuona ndege wahamao wa ufukweni huambiwa aende Mafia au delta ya Rufiji, na akiwa Kenya aende Mida, karibu na Watamu. Ushauri huo si mbaya. Huko ndege ni wengi na maeneo yana hadhi: Rufiji-Mafia-Kilwa iliingia katika orodha ya Ramsar mwaka 2004, na hifadhi ya bahari ya Watamu ni ya tangu 1968. Lakini mkazi wa Ndandalo, wilayani Kyela, hana haja ya kusafiri hadi baharini. Ufukwe wa Kyela, kwenye Ziwa Nyasa, nao hupokea wageni hao, na una ulinzi ambao wengi hawauhesabu: Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa au mto. Ninaamini ukanda huo utaheshimiwa pale watu watakapokuwa na sababu ya kwenda kuutazama, na ndege ni sababu tosha.

Umbo la nchi lenyewe ni ushahidi. Kuanzia Matema kwenda kusini, milima ya Livingstone inatumbukia ziwani moja kwa moja, na ndege anayetembea akidokoa matope hana pa kusimama. Upande wa Kyela, mito ya Songwe, Kiwira, Mbaka na Lufilyo imemwaga udongo miaka na miaka mpaka ikatandaza bonde. Maji ya ziwa yanapopungua kuelekea Desemba, kingo zenye matope hubaki wazi, zimejaa wadudu na minyoo. Hapo ndipo utamwona kitwitwi mwenye mgongo wa kahawia na tumbo jeupe, akitikisa mkia juu chini bila kupumzika. Ukimkaribia huruka chini chini juu ya maji kwa mapigo mafupi ya mabawa, akatue mbele kidogo. Huyo huzaliana Ulaya na Asia. Yupo na mdogo zaidi, mwenye uzito wa gramu 25 hivi, anayetoka kaskazini kabisa mwa Urusi. Kabla ya kurudi, mwezi Machi na Aprili, lazima anenepe, maana mafuta ya mwilini ndiyo nauli yake.

Mkulima atauliza: ndege hawa si ndio wanaomaliza mpunga? Swali ni la haki, kwani kwelea kwelea wamewatia watu hasara kubwa. Ila kwelea ana mdomo mfupi mnene wa kupasua punje, na vitwitwi wana midomo myembamba ya kuchokoa wadudu. Kuwaweka kapu moja ni kuwaonea, na sumu inayonyunyiziwa kwelea haichagui. Wapo pia wanaosema ardhi ya kando ya maji ina rutuba, kwa nini iachwe? Kwa sababu ni ardhi ya mafuriko. Kyela inajua mvua za Aprili zinavyoitendea nyumba iliyojengwa kwenye kingo za Songwe. Majani na matete yaliyoachwa pale hushika udongo usiende na maji.

Pingamizi lililo zito kwangu ni jingine: watazamaji wenyewe huwafukuza ndege. Kila anaporushwa, ndege huchoma mafuta aliyoyatafuta kutwa. Kwa hiyo mtazamaji asimame mbali, na darubini, asubuhi mapema, jua likiwa mgongoni, bila mbwa wala kuwakimbiza kwa ajili ya picha. Mida wamejenga njia ya mbao iliyoning'inia juu ya mikoko. Mgeni hulipa kiingilio, na fedha husaidia karo za wanafunzi wa sekondari wa vijiji jirani. Kyela haihitaji gharama hiyo kuanza. Wavuvi wanaujua kila mdomo wa mto, na kijana mmoja wa kijiji anayejua mahali ndege wanapolala anaweza kumwongoza mgeni kuanzia Oktoba hadi Aprili, kwa ada ambayo serikali ya kijiji itapanga.