Kisukari Wakati wa Janga: Hatari ya Virusi na Hatari ya Kukosa Kliniki

Tarehe 11 Machi 2020 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilitangaza kwamba UVIKO-19 umekuwa janga la dunia. Wagonjwa wa kisukari walitajwa mapema miongoni mwa watu walio katika hatari kubwa zaidi, na onyo hilo lilikuwa la kweli. Hata hivyo, liliwatia wengi hofu mbili kwa pamoja: hofu ya kuambukizwa na hofu ya kwenda hospitali. Hofu ya kwanza iliwahimiza kujikinga. Ya pili iliwaweka baadhi yao mbali na matibabu ambayo uhai wao uliyategemea.

Kwa nini maambukizi humwelemea mwenye kisukari

Mwili unaposhambuliwa na vimelea, hutoa homoni za kukabiliana na dhiki, zikiwamo kotisoli na adrenalini. Homoni hizo huchochea ini kumwaga sukari katika damu, na wakati huohuo hudhoofisha kazi ya insulini. Kwa mtu asiye na kisukari, kongosho huongeza insulini na sukari hurejea katika kiwango chake. Mwenye kisukari hana akiba hiyo, hivyo sukari yake inaweza kupanda hata siku ambayo hakula kitu. Inapokaa juu kwa muda mrefu, chembe nyeupe za damu hupoteza sehemu ya uwezo wake wa kuvifuata vimelea na kuviua. Ugonjwa hupandisha sukari, nayo sukari huupa ugonjwa nafasi ya kuendelea.

Takwimu zilionesha uzito wa jambo hili. Huko England, takriban theluthi moja ya watu waliofariki hospitalini kwa UVIKO-19 katika miezi ya mwanzo ya janga walikuwa na kisukari. Mwaka 2021 WHO ilichambua takwimu za nchi 13 za Afrika. Miongoni mwa wagonjwa wa UVIKO-19 waliokuwa na kisukari, asilimia 10.2 walifariki, ikilinganishwa na asilimia 2.5 ya wagonjwa wote kwa ujumla. Si kisukari pekee kilichochangia tofauti hiyo, kwani umri mkubwa, unene uliozidi, shinikizo la damu na maradhi ya figo huandamana nacho mara nyingi.

Hata tiba ilihitaji uangalifu. Mwezi Juni 2020 utafiti wa Uingereza uitwao RECOVERY ulibainisha kwamba deksamethasoni hupunguza vifo vya wagonjwa wanaohitaji oksijeni. Dawa hiyo, hata hivyo, hupandisha sukari. Mwenye kisukari hapaswi kunyimwa dawa hiyo kwa sababu hiyo. Anapaswa kupimwa sukari mara nyingi zaidi na kurekebishiwa dozi.

Madhara ya kukosa kliniki

Mwezi Mei 2020 WHO ilikusanya taarifa kutoka nchi 155. Katika asilimia 49 ya nchi hizo, huduma za kisukari zilikuwa zimevurugika kwa sehemu au kabisa. Watumishi walihamishiwa kwenye mapambano dhidi ya virusi, miadi iliahirishwa na usafiri ulikwama. Nchini Uganda, kwa mfano, magari ya umma na ya binafsi yalipigwa marufuku mwishoni mwa Machi 2020, na mgonjwa aliyehitaji kufika hospitali kwa gari alilazimika kwanza kupata kibali cha mkuu wa serikali wa wilaya.

Madhara ya mkwamo huo hutofautiana. Mwenye kisukari aina ya kwanza akikosa insulini, damu yake huweza kujaa asidi ziitwazo ketoni ndani ya saa au siku chache, na asipotibiwa hufa. Kwa aina ya pili, madhara mara nyingi huja polepole. Kidonda kidogo mguuni, ambacho mgonjwa hakihisi kwa sababu ya ganzi, husafishwa na kufungwa kliniki kwa muda mfupi. Kikiachwa kwa wiki kadhaa, kinaweza kufika kwenye mfupa na mguu ukakatwa. Mtu huyo hahesabiwi miongoni mwa walioathiriwa na virusi, ilhali janga ndilo lililomfungia njia ya tiba.

Maandalizi kabla ya dharura nyingine

Vituo vya afya vina mfano wa kuiga. Watumiaji wa dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI walio katika hali nzuri wamezoea kupewa dawa za miezi kadhaa kwa mara moja. Wagonjwa wa kisukari waliotulia wanaweza kuhudumiwa vivyo hivyo, na kufuatiliwa kwa simu kati ya hudhurio moja na jingine.

Nyumbani, familia iweke akiba ya dawa, sindano na vifaa vya kupimia sukari. Insulini ambayo haijafunguliwa huhifadhiwa katika nyuzijoto 2 hadi 8 za sentigredi, wala isigande. Pasipo na friji, chungu cha udongo kinachotunzwa kikiwa na unyevu kivulini husaidia kupunguza joto.

Mgonjwa apange na mtaalamu wake, angali mzima, namna ya kujihudumia atakapougua. Mwenye kisukari aina ya kwanza asiache insulini kwa sababu tu ameshindwa kula. Apime sukari mara kwa mara, anywe maji ya kutosha na aulize dozi ibadilishwe vipi. Baadhi ya vidonge, kama metformini, huweza kusimamishwa kwa muda mtu anapotapika au kuharisha sana, kwa ushauri wa mtaalamu.

Kutapika mfululizo, kupumua kwa haraka na kwa kina, harufu ya matunda kinywani, kuchanganyikiwa au usingizi usio wa kawaida ni dalili za hatari. Vivyo hivyo kidonda cha mguu kinachotoa usaha au kubadilika rangi. Mwenye dalili hizo apelekwe kituo cha afya siku hiyohiyo, akiwa amevaa barakoa ikihitajika. Janga halibatilishi dharura nyingine, na hospitali hubaki mahali pa kukimbilia hata siku ambazo watu wanaiogopa.