Fukusi wa Klova: Kumtambua na Kumwandika

Klova ni jani la malisho lenye vijani vitatu vitatu, ambalo humea pia katika nyanda za juu za Kenya. Mizizi yake ina vinundu vinavyovuta hewa iitwayo naitrojeni na kuigeuza kuwa mbolea. Ndiyo sababu wafugaji wa Nyuzilandi huipanda pamoja na nyasi.

Mwaka wa 1996 iligunduliwa huko, upande wa Waikato, fukusi mgeni kutoka Ulaya aitwaye Sitona obsoletus. Fukusi mzima hula kingo za majani tu na kuacha mapengo. Hasara kubwa hufanywa na mabuu yake chini ya ardhi, kwa maana hula vinundu vile, kisha mizizi yenyewe.

Yafaa ieleweke ya kwamba fukusi wa klova si wa namna moja. Sitona ni wa rangi ya kijivu au hudhurungi, urefu wake hupata milimita 5, na mdomo wake ni mfupi na mpana. Wale wa jamii ya Protapion, wanaopatikana sana Uingereza, hupata milimita 2 tu, nao wana mdomo mrefu mwembamba. Mabuu yao hukaa ndani ya ua. Mtu akiwachanganya atamtafuta adui juu ya ua, kumbe yu udongoni.

Wala haya si mabishano ya wataalamu tu. Mwaka wa 1982 Nyuzilandi ilileta nyigu mdogo kutoka Moroko ili amwue fukusi wa lusani, ndugu yake Sitona huyu. Kwa fukusi wa klova nyigu huyo hakufaa. Basi mwaka wa 2006 ikaachiliwa aina ya Ayalandi, majike matupu wazaao bila dume, wasije wakachanganyika na wale wa Moroko na kudhoofika. Nyigu hutaga yai ndani ya fukusi mzima. Fukusi huwa tasa, na buu la nyigu litokapo, yeye hufa.

Kumkamata si kazi ngumu: klova hukung'utwa juu ya kitambaa cheupe. Mdudu atiwe katika chupa ya spiriti pamoja na karatasi yenye jina la mmea, mahali, tarehe na jina la aliyemkamata. Iandikwe kwa penseli, kwani wino huyeyuka. Iandikwe pia kama alikuwa akila au ametua tu. Na mahali alipotafutwa asionekane pasiachwe, maana ndipo mpaka wake hujulikana. Mwaka wa 2006 alionekana kwa mara ya kwanza katika kisiwa cha kusini cha Nyuzilandi, na baadaye nyigu wakapelekwa huko kumfuata.